Land Rover ya kijani ya milioni 26, au ile iliyolala chini ya mwembe?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 47, naishi Dodoma na mume wangu na watoto watatu. Marehemu baba yangu alikuwa bwana mifugo Kondoa, na gari lake la kazi lilikuwa Land Rover 109, ile ndefu. Utoto wangu umo ndani ya gari lile. Nilikuwa nakaa nyuma, kwenye benchi la pembeni, magoti yakigusana na madebe ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mpaka leo nikisikia giaboksi ya Land Rover ikilia kwa mbali, nageuka. Baba alifariki mwaka juzi. Nimeweka akiba kidogo kidogo, na sasa nimeamua kwamba nataka 109 yangu mwenyewe.

Nimepata mbili. Ya kwanza iko Arusha. Ni ya kijani, imepulizwa rangi mpya, viti vipya, matairi mazuri. Injini yake ya asili ilitolewa, ikawekwa ya dizeli ya Toyota, 3L. Mwenye nayo anataka milioni 26 na hataki kusikia habari ya kupunguza, kwa sababu anasema ni ya 1966 na ilibeba viongozi wa TANU kule Arusha wakati wa Azimio la 1967. Amenitumia na tangazo la Uingereza, gari linalofanana na hilo likiuzwa pauni 20,000, akaniambia, "Dada, hapo nimekuonea huruma." Amenipa picha kumi na moja, zote nimeziambatanisha.

Ya pili iko kijijini, si mbali na Kondoa. Kadi inasema ni ya 1976. Imelala chini ya mwembe tangu 2015. Rangi imefifia, matairi yamekufa, na ile boriti ya nyuma ya shasi ina tundu ambalo mkono wangu unapita. Lakini iko kamili. Injini yake ya petroli ipo, na ukiizungusha kwa hendeli inazunguka. Bado ina lile paa la tabaka mbili la kuzuia jua. Wanataka milioni 9. Kadi ni ya baba yao, ambaye ni marehemu, na wao wako ndugu wanne.

Nilimpeleka fundi kijijini, akaniandikia: kuchomelea shasi milioni 4, kushusha injini na kuitengeneza milioni 3.5, matairi matano milioni 1.8, breki zote milioni 1.2, nyaya za umeme laki 6. Kisha akaniambia niachane na mzoga ule, nichukue gari la Arusha, ambalo yeye hajaliona. Mfanyakazi mwenzangu mwaka jana aliuza 109 yake, inatembea vizuri, injini ya petroli, kadi safi, kwa milioni 22. Nilikuwepo fedha zikihesabiwa.

Mume wangu anasema nanunua kumbukumbu kwa bei ya kiwanja. Mzee, bei hizi ni za haki? Na nichukue ipi?

Binti wa Bwana Mifugo, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na baba. Enzi zile bwana mifugo ndiye aliyefika kusikofikika, na mtoto aliyekua na madebe ya dawa miguuni hahitaji kunieleza kwa nini analitaka gari hilo. Tuingie kazini.

Nimezitazama picha zako kumi na moja, moja baada ya nyingine, na ningependa nawe urudi kwenye picha ya nne, ile iliyopigwa kwa mbele. Taa kubwa ziko kwenye mabawa, kila moja upande wake, na katikati pana grili nyeusi ya plastiki. Sasa fungua picha ya saba. Mita ya mwendo na geji nyingine ziko mbele ya usukani, machoni pa dereva.

Land Rover iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1966 ni ya toleo linaloitwa Series IIA. Taa zake ziko ndani, zimebanana katikati jirani na rejeta. Grili yake ni wavu wa chuma. Geji zake ziko katikati ya dashibodi, hata abiria anazisoma. Taa zilihamia kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960, na ile grili ya plastiki pamoja na geji za mbele ya dereva zilikuja na Series III, iliyoanza 1971 na kuendelea hadi 1985. Gari lililo kwenye picha zako ni Series III kuanzia pua mpaka dashibodi.

Basi ama mwaka uliotajwa si wake, ama mtu alichukua shasi ya zamani akaivalisha bodi ya gari jingine. Simwiti muuzaji mwongo, kwa sababu hadithi za namna hii hupita mkono kwa mkono na huenda hata yeye aliuziwa nayo. Lakini shahidi yupo. Namba ya shasi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, kwenye ncha ya shasi pale springi ya mbele inaposhikwa. Inaweza kuwa imefunikwa na grisi na matope, kwa hiyo nenda na brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa. Isome tarakimu kwa tarakimu huku kadi ya gari iko mkononi. Ukikuta pamesagwa, au pamebandikwa kipande cha chuma juu yake, usiendelee kuuliza bei. Rudi stendi upande basi.

Na hata kama lingekuwa la 1966 kweli, habari ya viongozi ina thamani pale tu ilipo na karatasi. Kuna kitabu cha safari cha idara? Kuna picha ya zamani inayoonyesha namba ya usajili? Kuna barua ya mnada wa serikali gari lilipouzwa? Kama hakuna, katika hesabu yako andika sifuri. Bodi ya Series III haikuwepo mwaka 1967 kumbeba kiongozi yeyote.

Sasa nikuambie jambo linalonisumbua zaidi ya mwaka. Katika picha kumi na moja, hakuna hata moja iliyopigwa chini ya gari. Viti vimepigwa mara tatu, usukani mara mbili, lakini uvunguni hakuna. Kwa gari lingine lolote ningesema ni uzembe wa mpiga picha. Kwa Land Rover, uvunguni ndiko gari liliko.

Kuna sababu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, vita ikiwa imekwisha juzi, na Uingereza chuma kilikuwa cha kugawiwa kwa kibali. Alumini ilipatikana. Wakaunda bodi kwa aloi ya alumini, na shasi wakaiunda kwa chuma, bamba nne zikachomelewa pamoja kuwa boksi refu lililo wazi ndani. Bodi ya alumini haishiki kutu ile nyekundu unayoijua. Ndiyo maana unakuta Land Rover ya miaka hamsini imesimama imenyooka, milango inafunga, rangi ikipulizwa inameta kama mpya, huku chini shasi imebaki ganda. Maji na matope huingia ndani ya lile boksi, yakakaa, na chuma kikaoza kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona tundu la kwanza kwa nje, ndani kazi imekwisha siku nyingi.

Hili nililijua kwa gharama. Mwaka 1996 nilinunua 88, ile fupi, kwa mtu mmoja Tanga. Nilikuwa fundi tayari, miaka kumi na mitano mikono imo kwenye grisi. Niliinama nikatazama chini, nikakuta shasi nyeusi tii, imepakwa lami vizuri, nikafurahi nikaona mwenye gari alikuwa mtunzaji. Sikupiga nyundo hata mara moja. Baada ya miezi mitatu, kwenye barabara ya Handeni, springi ya nyuma kushoto iling'oka pamoja na kipande cha shasi kilichoishika. Gari lilikaa upande mmoja, tukaserereka mpaka mtaroni. Mtoto wa dada yangu alikuwa nyuma, akavunjika mkono. Tulipoikwangua ile lami nikakuta tundu limezibwa kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, limekunjwa na kupigwa pasi kwa nyundo, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Upepo wa bahari ulishaila shasi yote, na lami ndiyo iliyokuwa imeishika sura. Tangu siku hiyo sitazami rangi ya chini ya gari. Nasikiliza.

Kwa hiyo beba gunia la kulalia, nyundo ndogo na bisibisi butu. Mwambie muuzaji mapema kwamba utagonga. Mwenye shasi nzima hatakataa, na akikataa umeshajibiwa bila kulipa chochote. Anza nyuma, kwenye ile boriti inayobeba ndoana ya kuvutia, halafu uje mbele taratibu kufuata reli zote mbili, kila shibiri moja gonga. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkali na nyundo inakurudia mkononi. Kilichooza hutoa mlio mfu, dup, kama unagonga boga, na nyundo inabaki palepale. Ukisikia hivyo, sukuma bisibisi. Simama sana mahali springi zinaposhikwa, mbele na nyuma, na kwenye vile vikono vinavyotokeza pembeni kubeba bodi. Usiache pale juu ya ekseli ya nyuma, ambako reli inapinda na matope hukaa. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na utachafuka.

Ukiinuka, funua mikeka ya mbele. Ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni wa chuma, si alumini, na huoza pale unapoweka visigino na kwenye pembe za juu chini ya kioo. Kuutengeneza ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu milango, kioo na usukani vyote vinautegemea. Pengine utakuta unga mweupe kama majivu pale alumini inapokutana na chuma, kwenye bolti na pembe za milango. Hiyo nayo ni kutu, kutu ya alumini. Ikiwa kidogo isikutishe.

Halafu sumaku. Wengi wanajua kwamba kwenye gari la bati, Peugeot 504 au Volkswagen ya mgongo wa kobe, unapitisha sumaku na pale isiponata ujue chini ya rangi kuna puti. Land Rover inakwenda kinyume chake. Sumaku haishiki alumini kabisa. Ukiipitisha kwenye mabawa na paneli za pembeni za gari la Arusha ikateleza, vizuri. Ikinata katikati ya paneli, kuna mtu amebandika kiraka cha bati la kawaida akakifunika kwa rangi, na pale bati lilipogusana na alumini patavimba mvua mbili tatu zijazo.

Kuhusu injini sitasema mengi. Fika asubuhi bila kutoa taarifa ya saa kamili, na kabla ya salamu hazijaisha weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, wamekuwashia mapema ili usione inavyoamka. Subiri ipoe, hata kama ni saa tatu. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hiyo 3L ni injini ngumu na spea zake ziko kila duka, na mtu anayetaka gari la kwenda shamba ana haki ya kuipenda, kwa sababu petroli ya asili ya 109 inakwenda kilomita 5 au 6 kwa lita. Lakini uliza nani aliifunga. Angalia vishikizo vya injini vimechomelewa vipi, na kama gari linachemka mlimani. Kisha jaribu zile hendeli ndogo mbili pembeni mwa gia, ya kitufe cha njano na ile nyekundu. Ya njano inaingiza magurudumu ya mbele, nyekundu inashusha gia kwa ajili ya mizigo na matope. Magari mengi yaliyobadilishwa injini, hendeli hizo zimebaki mapambo. Hakikisha pia namba ya injini iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi. Kama kadi bado inataja injini ya zamani, kazi ya kurekebisha TRA iwe ya muuzaji, kabla hujatoa fedha.

Sasa bei, ambayo ndiyo uliyoniulizia.

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Mpaka mtu mwingine akubali kuitoa, haijawa bei ya kitu. Lile tangazo la pauni 20,000 hulijui limekaa siku ngapi wala liliishia wapi. Na huko ni soko jingine. Uingereza gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka, likaendeshwa Jumapili kwa raha ya mwenyewe, na wanunuzi wa namna hiyo ni wengi. Wanalipia gari lenye injini yake ya asili na karatasi zake tangu siku ya kwanza. Gari la Arusha lina injini ya Toyota na mwaka unaobishaniwa. Hata likipandishwa meli likafika huko, halitasimama kwenye mstari mmoja na lile la kwenye tangazo.

Kuna kipimo cha wenzetu ninachokipenda. Marekani, kampuni ya Hagerty, inayokatia bima magari ya kale na kutoa mwongozo wa bei, huyapanga magari kwa madaraja manne. La kwanza ni gari la mashindano ya urembo, halina doa. La pili ni zuri sana, lazima uwe mjuzi kuona kasoro. La tatu linaendeshwa vizuri na lina kasoro ndogo ndogo. La nne linatembea, ila kasoro unaziona ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara. Nimekaa na wauzaji miaka yote hii na naona ugonjwa ni uleule: mtu ana gari la daraja la nne, analipuliza rangi, kisha anatafuta bei ya daraja la pili na kuishika hiyo hiyo. Rangi mpya hailipandishi gari daraja. Mara nyingine inanifanya nilishuku zaidi, kwa sababu gari lenye rangi ya zamani limechoka waziwazi na linakuonyesha lilipoumia.

Wewe una kitu ambacho wanunuzi wengi hawana, na hujakitambua. Uliona milioni 22 zikihesabiwa. Gari zima, linatembea, la asili, kadi safi, hapo hapo Dodoma, mwaka jana. Hiyo ndiyo bei ya kweli uliyo nayo, na kila kitu tukipimie hapo. Ukipata kuulizia nyingine mbili zilizouzwa kweli, si zilizotangazwa, itakuwa bora zaidi.

Chukua kalamu. Makadirio ya fundi wako ni 4 na 3.5 na 1.8 na 1.2 na 0.6, jumla milioni 11.1. Ongeza theluthi moja, milioni 3.7. Usiipunguze hiyo theluthi. Gari lililolala tangu 2015 huwezi kujaribu giaboksi yake, huijui difu, hujui rejeta inavuja wapi, na kila bolti utakayoigusa itakatika. Unafika milioni 14.8. Sasa toa kwenye 22. Inabaki milioni 7.2. Hiyo ndiyo thamani ya gari lililo chini ya mwembe, kwako, leo. Milioni 9 wanazotaka si wizi, zimezidi kidogo tu, na wamekuonyesha tundu la mkono bila kulificha. Watu hao unaweza kuzungumza nao. Kaa nao, wape karatasi ya fundi waisome wenyewe, anza na 6, na usivuke 7.5.

Gari la Arusha kwa kipimo hicho hicho: hata shasi yake ikilia vizuri kila shibiri, ni 109 iliyobadilishwa injini, na ya asili iliuzwa 22. Kwa nini hili liwe 26? Kama gari ni zima kweli na lile suala la mwaka limepata jibu, mimi nisingezidi 20, na ningelipa 20 hizo kwa sababu dizeli itakusaidia kwenye mafuta. Kama shasi imeoza, toa gharama ya shasi hapo, na uwe tayari kwamba muuzaji atakasirika. Mwache akasirike. Usimrudishie maneno, mwachie namba yako ya simu.

Tundu la boriti ya nyuma la gari la Kondoa halinitishi. Boriti hiyo ndiyo huoza kwanza kwenye karibu kila Land Rover, na hukatwa ikawekwa nyingine bila kugusa shasi iliyobaki. Dodoma na Kondoa ni kukavu, na gari lililoishi huko lina bahati kuliko lililoishi Tanga au Bagamoyo. Kitu kitakachoamua ni reli mbili kuu na mashikio ya springi. Yakijibu nyundo, hizo milioni 4 za kuchomelea zinatosha. Yakisema dup, usichomelee viraka juu ya viraka. Uingereza bado wanatengeneza shasi mpya za Series zilizochovywa zinki, nzuri sana, lakini ukiweka bei yake, meli na ushuru, umeshapita thamani ya gari lenyewe. Hapo ondoka.

Injini hiyo inayozunguka kwa hendeli ni habari njema, maana yake haijakamata. Tafadhali usimruhusu kijana yeyote ailete betri na kuiwasha kwa msisimko. Zitolewe plagi kwanza, kila silinda itiwe oili kidogo, ikae usiku kucha, oili ya zamani imwagwe, petroli iliyochacha itolewe kwenye tangi. Ndipo izungushwe kwa mkono tena. Kwa kuwa ni 109 ya Series III, angalia difu ya nyuma. Ikiwa ni ile kubwa nene yenye kifuniko kwa nyuma, Salisbury, umepata ile imara.

Kisha kadi. Hapa ndipo nimeona watu wakilia. Marehemu hauzi gari. Hao ndugu wanne, hata wakisaini wote mbele ya mjumbe, hawawezi kukuhamishia umiliki mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye atakayesaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Usitoe hata laki ya "kushikilia" kabla hujaiona barua ya uteuzi. Kama hawajafungua mirathi, wasaidie nauli ya kwenda mahakamani na uiandike kama sehemu ya bei. Hata mtoto mmoja aliyeko mbali akijitokeza baadaye, gari ulilolitia milioni kumi na tano litakuwa kesi.

Fundi wako simhukumu, lakini fundi anayelisifu gari ambalo hajaliona, na kulikataa alilolilalia chini, huenda ameahidiwa cha juu. Tafuta mwingine asiyemjua muuzaji yeyote kati ya hao wawili. Mlipe siku yake nzima, ununue usinunue.

Na mumeo, mwanangu, ana hoja. Gari hili halitakuletea faida, na mimi sitakudanganya kwamba litapanda bei kama kiwanja. Mwonyeshe karatasi ya hesabu, mwambie kikomo chako ni milioni ngapi kwa jumla, na ukifika hapo utasimama. Nina hisia kwamba anachoogopa ni mfereji usio na mwisho, na hiyo ni hofu ya haki. Mwombe aje Kondoa naye.

Nenda Jumamosi, mapema, kabla jua halijapanda. Tandika gunia, ingia chini wewe mwenyewe, usimwachie fundi. Anza kwenye boriti, ufike kwenye shikio la springi la nyuma kushoto, pale pale langu liliponisaliti, na ugonge mara tatu. Kisha niandikie ulisikia mlio gani.